Meksiko ina majimbo 32 na mkoba mmoja

Alfajiri ya Septemba 11, 2024, Seneti ya Meksiko ilipitisha mabadiliko ya katiba yanayotaka majaji wachaguliwe kwa kura za wananchi, kuanzia wale wa Mahakama Kuu mpaka wa wilaya. Kikatiba, mabadiliko ya aina hiyo hayana nguvu hadi yaridhiwe na zaidi ya nusu ya mabunge ya majimbo. Majimbo ni 31, na Jiji la Meksiko huhesabiwa la 32, hivyo yalihitajika mabunge 17. Oaxaca iliwatangulia wote, saa chache tu baada ya Seneti. Siku mbili hazikuisha, 17 yakatimia. Septemba 15 mabadiliko yakachapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, na usiku huohuo Rais Andrés Manuel López Obrador akatoka kwenye roshani ya Ikulu ya Taifa kutoa mwito wa uhuru mbele ya umati uliojaa uwanja wa Zócalo.

Zile siku mbili zinastahili kutazamwa kwa makini. Takwa la kuyashirikisha majimbo liliwekwa ili yawe kizuizi, yaani pale wakuu wa mji mkuu wanapokimbia, mabunge ya mikoani yaulize kwanza wanakwenda wapi. Mahakama za nchi hazijaguswa kwa kiasi hicho tangu Rais Ernesto Zedillo alipoivunja na kuiunda upya Mahakama Kuu mwishoni mwa 1994. Tena hata majaji wa majimbo yenyewe walikuwa wanaingizwa kwenye utaratibu huo mpya. Bunge la jimbo lilikuwa na kila sababu ya kuwaita wanasheria wake, vyuo vyake na wananchi wake ili lisikilize. Badala yake mabunge yalishindana nani awe wa kwanza kusema ndiyo.

Jibu la haraka ni kwamba Morena, chama cha López Obrador, na washirika wake wanashika mabunge mengi, na wanatawala majimbo 24. Ni kweli, ila jibu hilo halitoshi. Mwezi Desemba 2013, Rais Enrique Peña Nieto wa chama cha PRI alipofungua sekta ya mafuta kwa kampuni binafsi, jambo ambalo Morena walilipinga kwa nguvu zao zote, mabunge ya majimbo yaliridhia kwa siku chache vilevile. Chama ni kingine, sera ni ya upande wa pili kabisa, lakini mabunge yalitii kwa namna ileile. Kwa hiyo kinachoyafanya yatii kina umri mrefu kuliko vyama vinavyopita.

Naamini kimejificha katika jinsi taifa lenyewe lilivyojengwa. Serikali kuu ndiyo iliyowafundisha Wameksiko kujiona watu wamoja, na kwa jina la umoja huo ikayaondolea majimbo mapato na ujasiri wa kukataa. Hoja iliyotumika kila mara ni kwamba katikati pakilegea, nchi itasambaratika. Ukiifuata historia ya Meksiko mwaka kwa mwaka, hoja hiyo haisimami. Nchi ilikatika vipande wakati katikati palipobana.

Tuanze na 1823. Dola fupi ya Agustín de Iturbide ilikuwa imeanguka, na nchi ilikuwa haina mwenyewe. Mikoa ya Amerika ya Kati ikajitenga mwezi Julai. Jalisco, Zacatecas, Oaxaca na Yucatán zilikuwa zimekwisha kujitangaza kuwa majimbo huru, zikisema zitabaki ndani ya Meksiko endapo tu itakuwa shirikisho. Desemba 13 mwaka huo, padri Servando Teresa de Mier alisimama bungeni akatoa hotuba ambayo hadi leo wapenzi wa serikali kuu huirejea. Alisema Wamarekani walijiunga katika shirikisho kwa sababu walikuwa wametengana, wakataka kuwa kitu kimoja. Sisi, alisema, tulikuwa kitu kimoja chini ya Hispania, na tukijifanya shirikisho tutakuwa tunajigawa.

Mier alikuwa mtu mwenye akili kali na alikuwa amefungwa magereza mengi kwa ajili ya uhuru, lakini hapa alikosea. Umoja aliouona ulikuwa wa makaratasi ya wafalme wa Hispania. Mtu wa Mérida na mtu wa Guadalajara walikuwa na bandari zao, masoko yao na wakubwa wao, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kutawaliwa na mji ambao wengi wao hawakuwahi kuuona. Shirikisho lililopitishwa katika katiba ya Oktoba 4, 1824, likisukumwa na Miguel Ramos Arizpe kutoka Coahuila, ndilo lililoirudisha mezani mikoa iliyokuwa imekwisha kuinuka kuondoka. Hata Chiapas, iliyokuwa upande wa Guatemala, iliamua kujiunga na Meksiko Septemba 1824, wakati shirikisho hilo likikamilishwa. Hilo ni jimbo zima lililoingia mlango ukiwa wazi.

Miaka kumi na moja baadaye mlango ukafungwa. Mwaka 1835 wahafidhina, wakiwa na Jenerali Antonio López de Santa Anna, waliamua kuipunguza migambo ya majimbo. Zacatecas ikakataa. Santa Anna akaipiga mwezi Mei, na Aguascalientes ikamegwa kutoka jimbo hilo kama adhabu. Mwishoni mwa 1836 katiba mpya iliyafuta majimbo na kuyageuza idara zinazoongozwa na magavana walioteuliwa. Matokeo ya mwendo huo ulioanza 1835 yamo katika ramani. Texas ilijitenga 1836. Mwaka 1840 watu wa Coahuila, Nuevo León na Tamaulipas walijaribu kuunda jamhuri yao ya Río Grande. Yucatán ilitangaza kujitawala 1841, ikarudi, ikaondoka tena, hadi iliporudi kabisa 1848 ikiwa imeelemewa na vita vya Wamaya.

Kuhusu Texas lazima tuseme ukweli wote. Walowezi waliotoka Marekani walitaka kuendelea kumiliki watumwa katika nchi ambayo Rais Vicente Guerrero alikuwa amepiga marufuku utumwa mwaka 1829, na malalamiko yao dhidi ya serikali kuu hayawezi kutenganishwa na doa hilo. Lakini Zacatecas haikuwa na walowezi, wala Yucatán haikujitenga ili iwe Marekani. Hao walikuwa Wameksiko waliochoka kuamuliwa. Nchi ilipoingia vitani na Marekani mwaka 1846 ilikuwa imedhoofishwa na ugomvi huo, na jambo mojawapo la kwanza ililofanya baada ya vita kuanza lilikuwa kuirudisha katiba ya 1824. Walikuwa wamechelewa. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa Februari 2, 1848 uliichukua California, New Mexico na eneo lote lililo kati yake, na ukijumlisha na Texas, zaidi ya nusu ya ardhi ya Meksiko ilikuwa imekwenda.

Baada ya hapo neno shirikisho halikuondoka tena katika katiba. Limo katika ile ya 1857 na ile ya Februari 5, 1917, iliyoandikwa Querétaro baada ya mapinduzi. Kilichobadilika ni njia ya kulizunguka. Porfirio Díaz, aliyetawala kwa muda mwingi kati ya 1876 na 1911, aliheshimu maandishi na kuwaweka magavana wake, pamoja na wakuu wa wilaya walioitawala miji midogo kwa mkono wa chuma. Chama kilichozaliwa 1929 na kuitwa PRI kuanzia 1946 kilikamilisha kazi. Gavana alipendekezwa na rais, na rais alipochoka naye aliondoka. Mwaka 1991 huko Guanajuato, mgombea wa PRI aliyetangazwa mshindi wa ugavana hakuapishwa. Alijiuzulu baada ya maandamano na makubaliano ya chini kwa chini, na mpinzani mwingine, ambaye hata hakuwa mgombea, akakaimu. Wapigakura wa jimbo hawakuwa na neno la mwisho juu ya nani awatawale, ama wakiichagua PRI ama wakiikataa.

Wakati huohuo serikali kuu ilikuwa ikifanya kazi nyingine, ya polepole zaidi na yenye mafanikio makubwa zaidi: kuumba Mmeksiko.

Mapinduzi yaliua watu wengi mno na kuiacha nchi ikiwa na majeshi ya mikoa, machifu wa mikoa na lugha nyingi za asili. Katiba ya 1917 ilikuwa imeziacha shule mikononi mwa manispaa, ambazo hazikuwa na senti, na zikafungwa kwa wingi. Mwaka 1921 José Vasconcelos alifanikisha kubadilishwa kwa katiba ili serikali kuu iruhusiwe kuendesha shule nchi nzima, akawa waziri wa kwanza wa wizara mpya ya elimu. Alituma walimu vijijini na vitabu mikononi, akawapa wachoraji kuta za majengo ya umma. Diego Rivera alichora kuta za wizara hiyo kuanzia 1923, kisha ngazi za Ikulu ya Taifa, ambapo historia ya nchi imepangwa kuanzia mahekalu ya kale hadi wafanyakazi wa viwandani. Mtu asiyejua kusoma angeweza kusimama pale na kuambiwa yeye ni nani.

Siidharau kazi hiyo hata kidogo. Kwa mtoto wa mkulima wa Michoacán aliyeambiwa kwa karne nne kwamba damu yake ni aibu, kuambiwa na serikali yake kwamba yeye ni mrithi wa ustaarabu mkubwa kulikuwa ukombozi wa kweli. Tangu 1959 serikali imegawa vitabu vya shule bure, na vizazi vyote vilisoma kurasa zilezile kuanzia Tijuana hadi Chetumal. Nchi chache zilizotoka ukoloni zimefanikiwa kuwapa watu wake hisia ya kuwa wamoja kwa nguvu hiyo.

Lakini tazama malighafi zilitoka wapi. Muziki wa mariachi na vazi la charro, mpanda farasi wa mashambani, ni vya magharibi, hasa Jalisco. Mchuzi wa mole ni wa Puebla na Oaxaca. Redio XEW, iliyofunguliwa katika mji mkuu mwaka 1930, na baadaye sinema, ndizo zilizovichukua vitu vya mikoa na kuvirudisha mikoani vikiwa na muhuri wa taifa. Mwaka 1964 jambo hilo lilifanyika waziwazi kabisa. Serikali ilikuwa inajenga Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia katika bustani ya Chapultepec, na ilitaka mlangoni pawekwe sanamu kubwa ya jiwe ya mungu wa mvua, yenye uzito wa zaidi ya tani 160. Jiwe hilo lilikuwa limelala katika bonde la kijiji cha Coatlinchan, karibu na Texcoco. Wanakijiji walikataa. Waliharibu gari la kulibebea, na serikali ikatuma jeshi. Aprili mwaka huo jiwe likapita katika barabara za mji mkuu usiku, umati ukiliangalia, na kijiji kikaahidiwa shule, zahanati na barabara. Leo mamilioni wanaliona pale Chapultepec na kujivunia Umeksiko wao. Fahari hiyo ni ya kweli, na shimo lililobaki Coatlinchan nalo ni la kweli.

Waliobaki nje ya picha walikuwa wengi. Mmeksiko wa vitabuni alikuwa chotara wa Mhispania na mwenyeji wa asili wa kale. Mwenyeji wa asili aliye hai alitakiwa aache lugha yake darasani ili afanane naye. Benito Juárez, Mzapoteki wa Guelatao aliyekuja kuwa rais na kuwashinda Wafaransa mwaka 1867, anasifiwa kila shule, lakini sheria za kambi yake ya kiliberali za 1856 ndizo zilizofungua njia ya kuvunjwa ardhi za pamoja za vijiji vya asili. Na Mmeksiko mweusi hakuwekwa kabisa. José María Morelos na Vicente Guerrero, mashujaa wawili wa vita vya uhuru, walikuwa na asili ya Kiafrika, na majimbo mawili yamepewa majina yao. Hata hivyo ilibidi ifike 2019 ndipo katiba iwataje Wameksiko wenye asili ya Afrika, na sensa ya 2020 ndipo iwaulize na kupata zaidi ya milioni 2.5. Msomaji wa Kiafrika anayepita Costa Chica, pwani ya Guerrero na Oaxaca, atazijua nyuso hizo mara moja. Wao wenyewe wamesimulia mara nyingi jinsi wanavyosimamishwa na maofisa na kutakiwa kuthibitisha kwamba ni raia.

Tukija kwenye mkoba, yaani fedha za majimbo, hapa ndipo utiifu wa mabunge unapopata maelezo yake ya kila siku. Katika shirikisho la 1824, majimbo ndiyo yaliyokuwa yakichangia serikali kuu, yakilipa kiasi kilichopangwa kila mwaka, na serikali kuu ikiishi kwa ushuru wa forodha pamoja na michango hiyo. Siku hizi mto unatiririka kinyume. Mwaka 1980, kodi ya ongezeko la thamani ilipoanza, majimbo yote yaliingia katika mfumo wa pamoja. Yaliacha kutoza kodi zake nyingi, na kwa malipo ya hilo yakapewa fungu la mapato yanayokusanywa na serikali kuu. Mfuko mkuu wa mgawo huo ni asilimia 20 ya mapato yanayogawiwa. Juu yake kuna ruzuku nyingine zenye masharti, kwa ajili ya shule, afya na miundombinu. Kwa ujumla, katika kila peso kumi ambazo jimbo linatumia, takribani nane zinatoka kwa serikali kuu.

Gavana wa namna hiyo anajua simu ya nani aipokee haraka. Na mbunge wa jimbo anajua gavana anamtegemea nani. Hakuna haja ya mtu kutishwa. Bajeti ikipitishwa, kwa kawaida Novemba, kila mmoja anakumbuka nafasi yake.

Malalamiko yapo. Septemba 2020, magavana kumi, wakiwemo wa Jalisco, Nuevo León na Chihuahua, walijitoa katika baraza la taifa la magavana na kudai mgawo upya. Walisema majimbo yao yanazalisha mengi na kurudishiwa kidogo. Hoja yao ina uzito lakini pia ina upofu. Kodi za kampuni huhesabika pale makao makuu yao yalipo, na Monterrey, mji mkuu wa Nuevo León, ina makao makuu mengi ya kampuni zinazouza bidhaa nchi nzima. Chiapas nayo ina hesabu yake: mabwawa ya mto Grijalva yanazalisha sehemu kubwa ya umeme wa maji wa taifa, na bado jimbo hilo limebaki miongoni mwa maskini kuliko yote. Tabasco na Campeche zilitoa mafuta yaliyoendesha bajeti ya nchi kwa miongo. Shirikisho la kila mtu ale alichochuma lingewaadhibu watu hao mara ya pili. Kudai uwezo wa kutoza kodi ni halali. Kudai kutowajibika kwa Chiapas siyo.

Na kuna aibu ambayo watetezi wa majimbo hawapendi iguswe. PRI iliposhindwa urais mwaka 2000, magavana waliachwa bila bwana, huku fedha zikiendelea kuja, tena nyingi kwa sababu ya bei ya mafuta. Wengi wao walitawala kama wafalme. Deni la Coahuila liliruka hadi zaidi ya peso bilioni 30 katika miaka michache, sehemu ya mikopo ikiwa imechukuliwa kwa nyaraka za kughushi. Javier Duarte, gavana wa Veracruz, alitoroka 2016, akakamatwa Guatemala mwaka uliofuata, akahukumiwa miaka tisa. Wakati huo waandishi wa habari wa Veracruz walikuwa wakiuawa mmoja baada ya mwingine. Watu waliompigia kura López Obrador mwaka 2018 wakitaka mtu mmoja wa kuwadhibiti hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wamekwisha kuonja kile kilichoitwa mamlaka ya majimbo.

Ila tuulize kwa nini ilikuwa hivyo. Gavana alikuwa akitumia fedha ambazo hakumtoza mwananchi wake, mbele ya bunge alilolipanga yeye na mkaguzi aliyemteua yeye. Mwananchi hakuiona kodi yake ikipotea, kwa sababu ilipitia mji mkuu kwanza na kurudi ikiwa haina jina. Ufisadi wa magavana ulikuwa mtoto wa mfumo uleule uliotengenezwa na serikali kuu. Kuwanyang'anya hata kilichobaki kunaacha mzizi ulipo, na kunahamisha tu mahali pa kutendea kosa.

Ndivyo ilivyokuwa katika usalama. Kikosi cha Walinzi wa Taifa kiliundwa 2019 kikiahidiwa kuwa cha kiraia, na Septemba 2024 kikawekwa rasmi kikatiba chini ya wizara ya ulinzi. Hoja ilikuwa kwamba polisi wa manispaa wamenunuliwa na magenge. Wengi wamenunuliwa, ndiyo. Usiku wa Septemba 26, 2014 huko Iguala, polisi wa manispaa ndio waliowakamata wanafunzi 43 wa chuo cha ualimu cha Ayotzinapa ambao hawakurudi. Lakini mjini humohumo Iguala palikuwa na kambi ya kikosi cha 27 cha jeshi la serikali kuu, na wazazi wa wanafunzi hao wamekuwa wakidai kwa zaidi ya miaka kumi wafunguliwe nyaraka za jeshi hilo. Kuvaa sare ya taifa hakukumfanya mtu awe mlinzi wa watoto wale.

Upande wa utambulisho, taifa lenyewe halitikisiki kama waoga wanavyosema. Donald Trump alipoiita Ghuba ya Meksiko kwa jina jingine na kutishia ushuru mapema 2025, Rais Claudia Sheinbaum, mwanamke wa kwanza kushika urais wa nchi hiyo, aliungwa mkono hata na magavana wa upinzani. Wahamiaji walioko Marekani wanatoa ushahidi mkubwa zaidi. Wamekaa huko miaka mingi nje ya mkono wa wizara yoyote ya elimu, na Umeksiko wao haujafifia. Ukiwaangalia kwa karibu, wamejipanga kwa vijiji. Watu wa mji mmoja wa Zacatecas walioko Los Angeles huunda chama chao, huchangishana, hujenga barabara au kanisa la kwao. Zacatecas ndiko ulikoanzia mpango ambapo kila dola ya wahamiaji iliongezewa dola moja ya manispaa, moja ya jimbo na moja ya serikali kuu. Ulifanywa wa kitaifa 2002. Mwaka 2020 serikali kuu iliacha kuutengea fedha. Nauhesabu uamuzi huo kati ya makosa ya kusikitisha ya miaka hii, kwa maana ulikuwa mfano adimu wa ngazi zote za shirikisho kukaa meza moja, na mwananchi akiwa ndiye wa kwanza kutoa.

Kwa hiyo shirikisho la kweli ninaloliona Meksiko liko chini ya magavana. Oaxaca peke yake ina manispaa 570 kati ya zaidi ya 2,400 za nchi nzima, na 417 kati ya hizo huchagua viongozi kwa mila zao, katika mkutano wa wazi, bila vyama. Jimbo lilitambua hilo 1995, mwaka mmoja baada ya waasi wa Zapatista kuingia San Cristóbal de las Casas na kuilazimisha nchi kutazama Chiapas. Katika miji hiyo mtu hapewi uongozi kabla hajatumikia jamii kwa miaka, na kazi ya pamoja ya kujitolea, tequio, ndiyo inayotengeneza mifereji na madarasa. Cherán, mji wa Wapurépecha huko Michoacán, uliwafukuza wakata magogo wenye silaha Aprili 15, 2011. Wanawake ndio walioanza. Kisha ukawafukuza polisi na vyama, na mwishoni mwa mwaka huo mahakama ya uchaguzi ikauruhusu kujitawala kwa baraza la wazee 12. Misitu imepandwa upya. Wanaojitawala hivyo hawajaacha kuwa Wameksiko, bendera inapepea na tarehe za taifa zinaadhimishwa.

Simaanishi kwamba kila kitu cha kijiji ni chema. Mwaka 2007 Eufrosina Cruz alizuiwa kuwa mkuu wa manispaa ya Santa María Quiegolani, Oaxaca, kwa sababu ni mwanamke, na ilibidi apigane nje ya kijiji ili sheria ibadilike. Hapo serikali ya juu ina kazi isiyoweza kufanywa na mwingine: kulinda haki ya mmoja dhidi ya mkutano mzima. Natamani ingeifanya hiyo kwa bidii inayoitumia kudhibiti bajeti.

Septemba 30, 2024, siku ya mwisho ya López Obrador madarakani, kifungu cha 2 cha katiba kilibadilishwa, na jamii za asili na za Wameksiko wenye asili ya Afrika zikatambuliwa kuwa na hadhi ya kisheria ya umma. Kuanzia 2025 sehemu ya kumi ya mfuko wa miundombinu ya jamii imetengwa iende moja kwa moja kwao, na mkutano wa jamii ndio unaoamua ijenge nini. Mwaka huohuo Hugo Aguilar Ortiz, mwanasheria wa Kimixteki kutoka Oaxaca, aliingia kuwa rais wa Mahakama Kuu kupitia uchaguzi wa majaji wa Juni 1, ambao ni takribani asilimia 13 tu ya wapigakura waliojitokeza. Mambo haya mawili yanakwenda njia tofauti. La kwanza linaweka fedha mikononi mwa watu wanaojuana na wanaoweza kuulizana. La pili limewapa wananchi karatasi za kura zenye majina mengi mno wasiyoyajua, baada ya mabunge ya majimbo kukataa kazi yao ya kuuliza.

Mfuko huo mpya una tatizo moja. Unaruka gavana na mkuu wa manispaa, lakini chanzo chake bado ni mji mkuu, na orodha ya jamii zinazostahili hutunzwa na taasisi ya serikali kuu. Jamii isiyo kwenye orodha haipati kitu. Jamii iliyomo inaweza kuanza kuogopa kutolewa, kama magavana wanavyoogopa. Wazapoteki, Wapurépecha na watu wa Costa Chica wanapaswa kudai sasa, wakati sheria za utekelezaji zingali zinaweza kurekebishwa, kwamba mgao wao uandikwe kwa kanuni isiyobadilishwa na bajeti ya kila Novemba, na kwamba mahakama, wala siyo ofisi ya rais, ndiyo iamue nani ni jamii. Kuna mahali pa kuanzia: San Francisco Pichátaro, jirani na Cherán, ilishinda kesi mwaka 2016 na kupata fungu lake la bajeti moja kwa moja bila kumwomba waziri yeyote, na vijiji vingine vya Michoacán vimeifuata njia hiyohiyo ya mahakamani.